Mshale Usiorudi: Fani ya Jedwali la Hitilafu na Mchoro wa Nyaya za Pikipiki Kuukuu

Kurasa za mwisho za kitabu cha matengenezo ya pikipiki ndizo zinazochafuka kwanza. Hapo ndipo penye alama za vidole vya oili, kwa sababu hapo ndipo yalipo maandishi mawili ambayo fundi huyarudia kila chombo kinapogoma: jedwali la kutafutia hitilafu na mchoro wa nyaya. Sisi wahakiki tumezoea kuyapita. Tunayahesabu kuwa maandishi ya kazi tu, yasiyo na fani ya kuzungumziwa. Mimi naona yana fani iliyobanwa kuliko mashairi mengi yanayochapishwa leo, na fani hiyo ina uzito: ndiyo inayoamua kama kijana aliyekwama barabarani usiku ataondoka na pikipiki yake au ataisukuma hadi nyumbani.

Nitayasoma nikiwa na pikipiki ya aina moja akilini, ya ukoo wa Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, injini yake ni ya silinda moja, na valvu zake husukumwa kwa fimbo badala ya kamshafti ya juu. Viwanda vingi vya China viliiga umbo hilo, na ndiyo maana fundi wa Mbeya, Kisumu au Bukavu anaweza kufungua pikipiki ya jina asilowahi kulisikia akakuta ndani yake mambo anayoyajua. Ninayoizungumzia hapa imeshachoka. Nyaya zimekakamaa, soketi zimeota ukungu wa kijani, na mafundi wengi wameipitia kila mmoja kwa mkono wake.

Tuanze na jedwali. Kichwa chake huwa ni lalamiko: injini haiwaki, au inawaka kwa shida. Chini ya lalamiko huja amri. Katika vitabu vya Honda mpangilio wa kawaida ni huu: tazama kama petroli inafika kwenye kabureta, kisha tazama cheche ya plagi, kisha pima mgandamizo wa silinda, kisha jaribu kuwasha kwa utaratibu wake, mwisho toa plagi uone kama imelowa. Kila amri ina njia mbili. Jibu likiwa zuri, unashuka kwenye amri inayofuata. Likiwa baya, unakwenda kulia, na huko unakuta orodha ya vyanzo: bomba la mafuta limeziba, plagi mbovu, koili mbovu, swichi mbovu, valvu haifungi vizuri.

Jicho linajifunza lugha hii kabla akili haijatambua. Kushuka ni uzima, kwenda kulia ni ugonjwa. Ukurasa umepewa mihimili miwili yenye maana, na msomaji hahitaji kuelezwa. Lakini angalia linalompata aliyekwenda kulia. Anafika kwenye orodha, anasoma "mbovu", anabadilisha kifaa, na maandishi yanamwacha hapo. Hakuna mshale unaomrudisha kwenye mstari wa kati kuuliza kama kilichobadilishwa ndicho kilichokuwa na kosa. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu naliona ndilo kasoro kubwa ya umbo zima.

Kwanza, hata hivyo, jedwali lipewe haki yake. Kwa nini petroli itangulie cheche? Msomaji wa haraka atadhani kitabu kinaituhumu petroli zaidi. Sivyo. Chini ya kabureta kuna skrubu ya kutolea mafuta. Ukiilegeza, unajua hapo hapo kama petroli inateremka au tangi limeziba kwa kutu. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya bisibisi. Cheche inataka spana ya plagi na kivuli cha kuionea. Mgandamizo unataka geji ambayo gereji nyingi hazina. Maswali yamepangwa kwa gharama ya kuyauliza, na uzito wa tuhuma umewekwa kando. Anayeuliza swali la bei kubwa kwanza, akafungua injini kabla ya kulegeza skrubu ile, ameharibu mantiki ya maandishi hata kama mwishowe atapata jibu. Mpangilio hapa ndio maudhui.

Nguvu ya pili ya jedwali ni uchoyo wake wa vivumishi. Mwendesha pikipiki husema betri ni dhaifu. Jedwali halikubali neno hilo, linataka namba. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imeshapungua. Ukibonyeza stata na mita ikaanguka chini ya 10, ama betri imechoka, ama kuna kiungo kinachokula umeme njiani, au stata yenyewe inavuta kupita kiasi. Dhana ya "udhaifu" imegeuzwa kuwa kitu ambacho watu wawili wasioelewana wanaweza kukitazama pamoja na kukubaliana.

Lakini ukisoma kwa makini utaona mahali ambapo kivumishi kinarudi kwa mlango wa nyuma: kwenye cheche. Vitabu husema cheche iwe na nguvu, au isiwe hafifu. Nguvu kiasi gani? Fundi hutoa plagi, huiingiza kwenye kofia yake, huishikiza chuma kwa chuma kwenye kichwa cha silinda, kisha hupiga kiki. Cheche ya bluu yenye mlio mkavu humridhisha. Ya njano nyembamba humtia shaka. Kwenye jua la saa sita zote mbili hazionekani vizuri. Isitoshe, plagi iliyo nje inarusha cheche katika hewa ya kawaida, ilhali ndani ya silinda hewa imebanwa, na katika hewa iliyobanwa cheche hupata shida zaidi kuruka. Koili iliyochoka inaweza kutoa cheche nzuri mbele ya macho yako na kushindwa ikishafungwa mahali pake. Kwa hiyo jibu la "nzuri" katika mstari ule ni la muda tu, lakini jedwali linaliandika kwa wino ule ule wa majibu ya uhakika. Msomaji anashuka akidhani umeme umeshaondolewa lawama. Hapa maandishi yanaficha shaka ambayo yalipaswa kuiacha wazi.

Mstari mwingine unastahili kusomwa polepole, nao hukaa upande wa stata. Unabonyeza kitufe, unasikia "tik" moja, injini haigeuki. Mafundi wengi hukimbilia betri. Jedwali zuri linakutuma kwenye kipimo ambacho muundo wake ni tofauti na vipimo vingine vyote: pima huku ukibonyeza. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, juu ya risasi yenyewe na wala si juu ya nati. Ncha nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Bonyeza stata. Mita ikae karibu na sifuri. Ikipita nusu volti, kuna mahali kati ya betri na injini ambapo njia ya kurudi imebanwa na kutu au rangi. Ukipima waya ule ule wakati umelala, utakuambia mzima. Sehemu kubwa ya jedwali hupima vitu vikiwa vimetulia. Mstari huu unakipima kitu kikiwa kazini, na ningependa mistari mingine mingi ingeandikwa hivyo.

Kuna mwandishi mmoja aliyeifanya kazi hii ya kutafuta hitilafu kuwa sehemu ya riwaya, naye ni Robert Pirsig, Mmarekani, katika Zen and the Art of Motorcycle Maintenance iliyotoka mwaka 1974. Kitabu kinatokana na safari aliyofanya na mwanawe mwaka 1968 kutoka Minnesota hadi California, akiendesha Honda CB77 ya cc 305. Pikipiki hiyo sasa imo katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mahali fulani katikati ya safari anaeleza namna ya kushughulikia tatizo gumu la pikipiki kwa daftari lenye sehemu sita: kutaja tatizo, dhana kuhusu chanzo chake, majaribio ya kupima kila dhana, matokeo yanayotarajiwa, matokeo yaliyoonekana, na hitimisho.

Wengi wanaomsoma Pirsig hushika falsafa yake wakaliacha daftari. Mimi nadhani daftari ndiyo sehemu iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko zote. Anasisitiza kwamba katika sehemu ya kwanza usiandike zaidi ya unalojua. Kama pikipiki haiwaki, andika swali la kwa nini haiwaki. Usiulize kuna nini kwenye umeme, maana hujajua bado kama kosa liko kwenye umeme. Umeme ni dhana, na dhana ina sehemu yake ya pili. Hii ni nidhamu ya sentensi. Anayeanza kwa kusema "umeme umekufa" ameshafunga nusu ya milango kwa muundo wa sentensi yake, na hata akiwa na mita ya bei kubwa atapima nyumba moja tu.

Na sehemu ya mwisho ina ukali kama huo. Hitimisho lisiseme zaidi ya kile jaribio lilichothibitisha. Umekosa cheche kwenye plagi. Basi umethibitisha kwamba wakati ule, kwa namna ile uliyoishika plagi, cheche haikuonekana. Pengine kweli umeme umekatika. Pengine plagi haikugusa chuma sawasawa na jaribio lako ndilo lililokuwa bovu. Pirsig anaiacha milango yote miwili wazi, na anakiri kwamba njia hii ni ya polepole sana, ya kutumiwa pale njia za mkato zimekwisha. Haidharau hata honi: fundi anayebonyeza honi kuona kama betri ina uhai, kwake yeye, anafanya jaribio la kisayansi kamili ingawa hakuandika kitu. Ukilinganisha na jedwali la kiwandani, daftari lake lina kitu kile ambacho jedwali halina: nafasi ya kuandika nilitarajia nini kabla sijaona nilichoona. Fundi aliyejiwekea matarajio yake kwa maandishi hawezi kujidanganya baadaye.

Linalokosekana kwa Pirsig ni watu. Daftari lake ni la mtu mmoja aliye peke yake. Kijiweni mambo hayaendi hivyo, na nitafika huko baada ya mchoro.

Mchoro wa nyaya unamtisha anayeanza kwa sababu unaonekana umejaa. Kwa kweli ni maandishi yenye msamiati mdogo sana. Katika ukoo wa Honda, nyekundu ni umeme wa betri kabla ya swichi ya ufunguo. Nyeusi ni umeme huo huo baada ya swichi. Kijani ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha fremu. Ukishika hizo tatu umeshaelewa sehemu kubwa ya ukurasa. Kisha huja rangi zenye mstari, na hapo msamiati unakuwa sarufi. Katika pikipiki nyingi za aina hii CDI, yaani kifaa kinachotawala cheche, ina nyaya tano: nyeusi yenye mstari mwekundu inaleta umeme kutoka koili ya ndani ya magneti, bluu yenye mstari mweupe inaleta ishara ya wakati wa kurusha cheche, nyeusi yenye mstari wa njano inapeleka mshindo kwenye koili ya plagi, kijani ni ethi, na nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia.

Huo wa mwisho ndio waya unaostahili uhakiki. Katika pikipiki hizi, CDI hupata umeme wake kutoka magneti moja kwa moja, bila kuomba kwa betri. Ndiyo maana betri ikifa kabisa bado unaweza kupiga kiki ikawaka. Swichi ya ufunguo haiipi injini umeme. Kazi yake ni kuuachia waya mweusi wenye mstari mweupe usiguse ethi. Ukigusa ethi, injini inazima. Katika pikipiki nyingine za Honda, zinazowaka kwa umeme wa betri, waya wa rangi hizo hizo hufanya kinyume chake: lazima ulete umeme ndipo injini iwake. Rangi moja, maana mbili zinazopingana, na mchoro hausemi lolote kuhusu hilo. Unachora mstari na kuandika kifupi cha rangi. Aliyezoea pikipiki ya aina moja anaisoma ya pili kwa sarufi ya ile ya kwanza, anapeleka volti 12 kwenye waya wa kuzimia, na CDI iliyokuwa nzima inaungua.

Anayeusoma waya huo vizuri hupata jaribio la bei nafuu kuliko yote. Pikipiki haina cheche. Chomoa waya huo mmoja upande wa CDI, acha mingine, piga kiki tena na plagi ikiwa imeshikizwa vizuri kwenye chuma, mbali na harufu ya petroli. Cheche ikirudi, basi CDI, koili na magneti vyote vimesafishwa jina kwa mkupuo mmoja. Mkosaji ni swichi, au waya wenyewe umechubuka mahali fulani na kugusa fremu. Ujue tu kwamba injini ikiwaka katika hali hiyo ufunguo hautaizima. Ingiza gia, shika breki, achia kluchi taratibu mpaka izimike.

Sasa tazama kile ambacho mistari ya mchoro haiwezi kubeba. Mstari hauna urefu: waya wa mita moja na waya wa sentimita kumi vinaweza kuchorwa sawa. Mstari hauna mahali: hujui unapita chini ya tangi au pembeni ya bomba la moshi. Kubwa zaidi, mstari haupindi. Nyaya zote zinazotoka kwenye mwili wa pikipiki kwenda kwenye taa ya mbele, swichi na vitufe vya usukani hupita shingoni, na shingo hugeuka kila kona kwa miaka yote. Waya hukatika hapo ndani kwa ndani, ngozi ya plastiki ikiwa nzima. Ukinyoosha usukani, zile nyuzi za shaba hugusana. Ukikata kushoto, zinaachana na taa inazima. Mwendeshaji anasema taa ya pikipiki yake inazima kwenye kona. Mchoro unasema mstari ni mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na mita ikiwekwa huku pikipiki imesimama wima itaunga mkono mchoro. Kumpata mkosaji kunahitaji kitendo ambacho ukurasa hauna namna ya kukionyesha: geuza usukani pole pole huku mita imeunganishwa, ukitazama namba ikiruka.

Kisha ethi. Katika mchoro, ethi ni alama ndogo ya vistari vitatu vinavyopungua urefu, na inarudiwa kila pembe: chini ya taa, chini ya honi, chini ya indiketa, chini ya koili. Inafanya kazi ya kibwagizo. Msikilizaji wa shairi akishalizoea bwagizo huacha kulisikiliza. Analipokea tu ili afike ubeti unaofuata. Msomaji wa mchoro hufanya hivyo hivyo. Anafuata mstari wa rangi hadi kwenye alama ile, anaona "ethi", anaamini safari imefika salama. Alama inasema ardhi ipo kila mahali. Kwenye chuma halisi ethi ni bolti moja au mbili, na chini ya bolti kuna pete ya waya, na kati ya pete na fremu kuna kutu au rangi mpya aliyoipiga mtu aliyetaka pikipiki ing'ae. Dalili zake humchanganya fundi: ukiwasha indiketa, taa ya nyuma inapepesa, ukibonyeza honi, taa ya mbele inafifia, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia nyaya zisizo zake. Hakuna mstari wa mchoro uliokatika. Kosa liko ndani ya bwagizo, mahali ambapo jicho limefundishwa kutosoma. Kipande cha msasa na dakika chache kwenye bolti ile vimeponya pikipiki nyingi kuliko CDI mpya.

Juu ya hayo yote pikipiki kuukuu ina tatizo la nakala. Mchoro unaonyesha pikipiki kama ilivyotoka kiwandani. Iliyo mbele yako imeandikwa upya. Waya mweusi unaingia kwenye fundo la tepu na upande wa pili unatoka mwekundu mwembamba, wa spika ya redio, uliosokotwa kwa mkono bila risasi. Fyuzi imezungukwa kwa kipande cha waya. Wahariri wa miswada ya tenzi zetu za zamani, zilizonakiliwa kwa hati za Kiarabu kwa mikono tofauti, wanaijua kazi hii: kabla ya kufasiri ubeti, jiulize ni mkono wa nani huu, na aliyenakili alikuwa anajaribu kusahihisha nini. Fundo lile la tepu ni sahihisho la mtu. Kuna siku pikipiki iligoma, naye akaipatia njia. Ulifungue, uone alichokuwa anakwepa. Mara nyingi kosa la kwanza bado lipo pale pale, na fundo limeongeza la pili, kwa sababu shaba iliyosokotwa na kuachwa kwenye unyevu huota kutu na kuzuia umeme.

Kosa la kwanza na la pili: hapo jedwali linashindwa kabisa. Umbo lake la mshale mmoja kwenda kulia linachukulia kwamba kila lalamiko lina mkosaji mmoja. Pikipiki changa mara nyingi iko hivyo. Kuukuu huwa na washirika. Regyuleta imechoka, haichaji sawasawa, betri inakufa, jedwali linakwenda kulia, "betri mbovu", unanunua mpya, inafanya kazi kwa siku kadhaa na kufa nayo. Kitabu kilisema kweli kwamba betri ilikuwa mbovu, kisha kikanyamaza. Mshale unaorudi ungesema: baada ya kuweka betri mpya, washa injini, pandisha mzunguko, pima tena kwenye nguzo za betri, isipofika karibu na volti 14, hujamaliza.

Niliahidi kufika kijiweni. Huko mpangilio wa maswali hugeuzwa juu chini. Kitabu kinaituhumu CDI mwisho, kwa kuondoa vingine vyote, maana haina kipimo rahisi. Kijiweni CDI ndiyo inayotuhumiwa kwanza. Wasomi wa ufundi hulaumu jambo hili, na mimi siwaungi mkono moja kwa moja. Kanuni ni ile ile ya gharama ya swali. Kiwandani, kubadilisha CDI ni kununua kifaa. Kijiweni, mwenzako amesimama na pikipiki ya aina hiyo hiyo, anachomoa yake, anakupa, unajaribu kwa dakika moja, unamrudishia. Swali la gharama kubwa limekuwa la bure kwa sababu kuna watu. Umbo la mdomo limejipanga kwa uchumi wake, na kwa hapo liko sahihi.

Linapokosea ni kwenye hitimisho. CDI ya kuazima imeingia, pikipiki imewaka, hukumu imetolewa, mwenye chombo anakwenda kununua. Lakini kuchomoa na kuchomeka soketi iliyoota ukungu wa kijani hukwangua vile vidole vya shaba, na pengine ndicho kilichoponya. Ushahidi unaotenganisha mambo hayo mawili ni mmoja: rudisha CDI ya zamani. Pikipiki ikigoma tena, mkosaji amepatikana. Ikiwaka, mkosaji ni soketi, na fedha ya mtu imeokolewa. Kitendo hicho kinachukua muda mfupi kuliko kunywa chai, na kwenye majedwali ya kutafutia cheche niliyoyasoma sijakiona kimechorwa.

Na bado umbo la mdomo lina kitu ambacho kitabu na daftari la Pirsig vyote vingekitamani, nacho ni sentensi ya mwendeshaji. Sikiliza hii, ambayo kila fundi ameisikia kwa namna moja au nyingine: "Asubuhi inawaka kiki ya kwanza. Ikishapata moto, nikizima tu, haiwaki tena mpaka ipoe." Kichwa cha jedwali kilisema injini haiwaki, basi. Mwendeshaji ametaja saa, joto, kitendo kilichotangulia na dawa inayoiponya. Ameweka washukiwa wawili mezani bila kuwataja. Koili ya magneti ambayo waya wake mwembamba huachana ukipata moto ni mmoja. Valvu iliyobanwa mno, ambayo ikipata moto hairudi kukaa vizuri na mgandamizo unavuja, ni wa pili. Wawili hao wanakaa kwenye kurasa tofauti za kitabu, sentensi moja imewaleta pamoja. Inatuelekeza hata kwenye jaribio: toa plagi pale pale ilipozima, ikiwa bado na moto, utazame cheche. Ikikosekana, fuata umeme. Ikiwepo na nzuri, pima valvu kwanza.

Akiisukuma hadi gereji itakuwa imepoa. Fundi atapitisha jedwali zima na kila mstari utajibu kwamba ni nzima. Jedwali halina neno kwa chombo kilichofaulu maswali yote na bado ni kigonjwa, kwa sababu hakuna safu iliyouliza ni lini.

Basi hukumu yangu ni kwamba jedwali ni fani nzuri iliyoandikiwa pikipiki changa, mchoro ni maandishi ya kweli yasiyo na mwili, na maneno ya mwendeshaji yana wakati na hali lakini hupotea hewani kwa sababu hakuna anayeyaandika. Vitabu vingi vinavyofika na pikipiki hizi ni vya Kiingereza, na aliyeviandika hakuwa na chombo chakavu mbele yake. Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA, wenye gereji na wachapishaji wa vitabu vya ufundi: tuandikieni jedwali kwa Kiswahili, la ukurasa mmoja, kwa pikipiki hizi tulizonazo. Safu ya kwanza iwe ya maneno ya mwendeshaji kama alivyoyasema, pamoja na saa, joto na upande ambao usukani ulikuwa umekata. Kila ethi itajwe kwa bolti yake na mahali pake kwenye fremu. Na chini ya kila neno "badilisha" pachorwe mshale unaorudi, wenye amri moja: rejesha cha zamani, jaribu tena, ndipo ununue.